Jicho Hufundishwa: Maneno Juu ya Kujifunza Kuchora

Hotuba iliyosomwa mbele ya wazazi, waalimu na mafundi wa kazi za mikono



Nimeombwa niseme nanyi juu ya kuchora. Najua kwamba baadhi yenu mmejiuliza kimoyomoyo, jambo hili lina faida gani kwa mtu mzima mwenye shamba la kulima, watoto wa kusomesha na nyumba ya kulipia kodi kila mwezi. Wako wanaodhani kuwa kuchora ni mchezo wa watoto. Wako na wengine wanaodhani kuwa ni kipawa ambacho Mwenyezi Mungu amewapa watu wachache tu, na sisi wengine haituhusu. Nitajaribu kuwaonyesha kwamba mawazo yote mawili si ya kweli. Kuchora ni elimu kama elimu nyingine, nayo hufunzika. Na kinachofundishwa zaidi katika elimu hiyo si mkono, bali ni jicho.

FAIDA YA KUCHORA

Natuanze na faida, maana mtu mwenye akili hanunui kitu asichojua matumizi yake. Mtu mmoja amwendea seremala, amwambia, "Fundi, nitengenezee kabati la vyombo, si kubwa sana wala si dogo, lenye milango miwili na saraka." Seremala aitikia, wapatana bei, na fedha za kwanza zatolewa. Baada ya majuma matatu mwenye kabati aja kulichukua, naye aona kitu asichokitazamia hata kidogo. Saraka ziko juu badala ya chini, milango yafungukia upande usiofaa, na kabati lenyewe halipiti katika mlango wa nyumba yake. Ugomvi waanza, hata majirani wakusanyika. Ukisikiliza maneno yao utaona kwamba kila mmoja asema kweli, kwa sababu kila mmoja alikuwa na kabati lake moyoni. Lau wangaliketi dakika kumi tu, wakalichora kabati lile juu ya kipande cha karatasi, upande wa mbele na upande wa ubavuni, na vipimo vikaandikwa kando, ugomvi usingalikuwapo, na mbao na fedha zingalisalimika.

Ndivyo ilivyo kwa mwashi na nyumba, kwa fundi cherehani na vazi, kwa mhunzi na lango la chuma. Ndivyo ilivyo kwa mwalimu anayetaka kuwaeleza watoto jinsi mzizi unavyopenya udongoni, na kwa bwana shamba anayetaka kuwaonyesha wakulima jinsi ya kukinga maji ya mvua yasichukue udongo. Maneno "mviringo kiasi" au "mteremko kidogo" kila mtu huyafahamu kwa namna yake. Mstari uliochorwa vizuri husema jambo moja tu, na kila aonaye hulifahamu, hata kama hajui kusoma.

JUU YA NENO "SINA KIPAWA"

Sasa nataka kusema juu ya neno moja lililowavunja moyo watu wengi: "Mimi sina kipawa." Natuangalie neno hili lilikotoka.

Mtoto mdogo huchora bila hofu. Mpe kijiti naye atachora ng'ombe mavumbini, na ng'ombe yule akiwa na miguu sita yeye haoni haya. Lakini afikapo umri wa miaka kumi hivi, huanza kutaka ng'ombe wake afanane na ng'ombe wa kweli. Ajaribu, hafanani. Mwenzake amcheka. Pengine mzazi amwambia aache kupoteza karatasi. Basi mtoto huacha. Tangu siku hiyo hachori tena, na akiombwa achore hali ana miaka hamsini, atachora kama mtoto wa miaka kumi, kwa kuwa hapo ndipo masomo yake yalipokoma. Mtu huyo hakunyimwa kipawa. Aliacha shule kabla ya kufundishwa.

Sisemi kwamba watu wote ni sawa. Wako wenye sauti nzuri kuliko wengine, walakini hakuna amwambiaye asiye mwimbaji mkuu kuwa anyamaze wakati wa kuimba kanisani. Na kila mmoja wenu aliyejifunza kuandika jina lake tayari ana mkono wa kutosha kwa kuchora. Mkono uwezao kuandika herufi "g" na herufi "k" unaweza kupinda, kunyoosha na kukatiza. Kilichobaki ni kuufundisha ufuate jicho, na kulifundisha jicho litazame kweli.

KISA CHA MTU ALIYEANZA AMECHELEWA

Nitawapa mfano wa mtu ambaye jina lake lajulikana duniani kote, yaani Vincent van Gogh wa Uholanzi. Alizaliwa mwaka 1853. Alifanya kazi kwa wauza picha, akawa mwalimu msaidizi katika Uingereza, akauza vitabu, kisha akawa mhubiri kati ya wachimba makaa ya mawe katika wilaya ya Borinage nchini Ubelgiji. Hakudumu katika kazi yo yote kati ya hizo. Mwaka 1880, akiwa na umri wa miaka 27, ndipo alipokata shauri kuwa mchoraji. Picha zake za mwanzo zipo hata leo, na mtu akizitazama haoni dalili ya ajabu. Watu wake ni wakavu kama vinyago, na viungo havilingani na miili.

Alifanya nini basi? Hakukaa kungojea kipawa kishuke. Alitafuta kozi ya kuchora iliyotungwa na Mfaransa Charles Bargue pamoja na Jean-Léon Gérôme, yenye karatasi 197 za kunakili. Karatasi za mwanzo zilikuwa na kazi ndogo ndogo: jicho, pua, sikio, mguu. Nyingi kati yake zilionyesha kitu kimoja mara mbili. Upande mmoja kilichorwa kwa mistari michache iliyonyoka, ili kuonyesha mahali pa kila sehemu na mteremko wake. Upande wa pili kilichorwa kikiwa kamili, pamoja na nuru na kivuli. Van Gogh alizinakili karatasi hizo moja baada ya moja, na baadaye akazirudia tena. Mtu mzima aliyekwisha hubiri mbele ya watu hakuona aibu kuketi akichora sikio.

Mwaka 1882, alipokuwa katika mji wa The Hague, alitengenezewa chombo cha kumsaidia kuona. Kilikuwa ni fremu ya mbao iliyotiwa nyuzi katikati, moja ikishuka wima, moja ikilala, na nyingine zikikatiza toka pembe hata pembe. Fremu hiyo ilishikwa na nguzo mbili zenye ncha za chuma, apate kuisimamisha hata mahali pasipo tambarare. Alitazama shamba au nyumba kupitia fremu ile, akaona paa lakatiza uzi mahali gani na mti waangukia wapi. Kisha, alipokaa katika kijiji cha Nuenen, alichora na kupaka rangi vichwa vya wakulima, kiasi cha 40 katika muda wa miezi michache, kabla ya kumaliza mwaka 1885 picha yake kubwa ya watu wa nyumba moja wakila viazi usiku chini ya taa.

Alifariki mwezi wa Julai mwaka 1890. Hesabuni wenyewe: tangu mwanzo hata mwisho ni miaka kumi. Katika miaka hiyo alifanya picha za rangi zaidi ya 800 na michoro zaidi ya 1,000. Wahenga walisema, "Ukiona vyaelea, vimeundwa." Sisi twaona jahazi limekwisha tanda tanga, wala hatukuona misumari iliyopigwa pwani.

JICHO NA JINA LA KITU

Kazi yangu ya kila siku ni kufasiri maneno ya lugha moja kwa lugha nyingine. Katika kazi hiyo mfasiri mbaya hujulikana upesi. Aonapo neno, hakawii kuandika neno la kwanza alilozoea, bila kutazama linasema nini mahali pale. Mchoraji anayeanza hufanya vivyo hivyo. Akitaka kuchora jicho la mwenzake, hatazami jicho lile. Akili yake humwambia, "Hili ni jicho," na mkono huchora umbo la samaki lenye duara katikati, ambalo ameliweka akiba tangu utoto. Amechora jina la jicho, wala hakuchora jicho.

Mfano mwema wa jambo hili ni uso wa mtu. Mwulize mtu macho yako mahali gani kichwani, naye atayaweka juu, karibu na nywele. Pimeni wenyewe kwa ufito: toka utosini hata kidevuni, macho ya mtu mzima yako karibu katikati kabisa. Akili huyapandisha juu kwa sababu yapenda uso, wala haikijali kipaji na utosi. Kadhalika urefu wa mtu mzima ni kiasi cha vichwa saba au saba na nusu, lakini mtoto wa mwaka mmoja ni kiasi cha vichwa vinne tu. Ndiyo sababu mtoto mchanga akichorwa kwa vipimo vya mtu mzima huonekana kama mzee mfupi.

Basi kanuni ya kwanza ni hii: chora ukionacho, usichore ukijuacho. Ni rahisi kuisema, lakini kuitimiza kwataka mazoezi, na mazoezi hayo yagawanywe sehemu sehemu. Nitataja sehemu nne.

MAMBO MANNE YA MSINGI

La kwanza ni mstari. Chukua penseli au kipande cha makaa, tia nukta mbili mbali mbali juu ya karatasi, kisha uziunganishe kwa mkono mtupu, bila rula. Usiende kwa kuparua-paruapara kama kuku. Peleka mkono mara moja. Kwa mistari mirefu usizungushe kiwiko cha mkono wala vidole tu, bali tembeza mkono mzima toka begani. Jicho lako litazame nukta unayoiendea, lisitazame ncha ya penseli. Fanya hivyo mara ishirini, kisha chora duara ishirini. Siku ya kwanza zitakuwa kama mayai. Usifadhaike.

La pili ni vipimo. Nyosha mkono wako mbele mpaka kiwiko kisipinde, ishike penseli wima, fumba jicho moja. Pimia kwa penseli upana wa kitu, ukiweka alama kwa kidole gumba. Kisha geuza penseli uone upana huo waingia mara ngapi katika urefu wake. Sufuria hii urefu wake ni nusu ya upana? Mlango ule ni upana mmoja kwa mara mbili na zaidi? Andika kwanza vipimo hivyo kwa alama nyepesi kabla ya kuchora cho chote. Tena usitazame kitu peke yake, tazama na nafasi zilizo kando yake. Ukitaka kuchora kigoda, chora ule uwazi ulio kati ya miguu yake. Akili haina jina la uwazi huo, kwa hiyo haiwezi kukudanganya, na ukiuchora sawasawa miguu yenyewe itatokea mahali pake.

La tatu ni jinsi vitu vinavyoonekana kwa umbali. Simameni ufukoni Mombasa mkitazama bahari. Ule mstari ambapo maji na mbingu hukutana uko sawa na macho yenu. Mkichuchumaa nao washuka. Mkipanda juu ya mnara nao wapanda. Mstari huo ndio mizani ya picha nzima, hata kama umefichwa na milima au nyumba. Vilivyo chini ya macho yako, kama njia na sakafu, hupanda kuuelekea kadiri viendavyo mbali. Vilivyo juu ya macho yako, kama paa na waya za simu, hushuka kuuelekea. Tena liko jambo la ajabu: mkisimama mahali tambarare, macho ya watu wote wenye kimo sawa na chako yako juu ya mstari huo, aliye karibu na aliye mbali; ni miguu yao tu inayopanda na miili inayopungua.

Kwa somo hili mwalimu aliye bora yumo jikoni mwenu, naye ni kikombe. Kitazame toka juu: mdomo wake ni duara. Teremsha macho kidogo kidogo: duara lapungua, lawa jembamba. Macho yakifika sawa na mdomo wa kikombe, hakuna tena duara, ni mstari ulionyoka. Wachoraji wengi wanaoanza huchora mdomo mviringo na kitako kilichonyoka, kwa sababu wajua kwamba kikombe hukaa sawa mezani. Lakini ukikitazama toka juu kidogo, kitako nacho kimepinda, tena kimepinda kuliko mdomo, kwa kuwa kiko chini zaidi ya macho yako.

La nne ni nuru na kivuli. Weka yai juu ya kitambaa cheupe karibu na dirisha moja au taa moja. Utaona mahali penye nuru kali, kisha nuru hupungua pole pole, kisha huja sehemu ya giza zaidi. Lakini tazama vizuri ukingo wa chini upande wa giza: hapo pana nuru hafifu, iliyorudishwa na kile kitambaa. Mwisho ni kivuli ambacho yai limekitupa kitambaani, nacho ni kikali karibu na yai na laini kadiri kiendavyo mbali. Yai lina rangi moja tu, lakini jicho limeona ngazi tano. Anayezipata ngazi hizo tano katika yai, atazipata katika chungu, katika embe, na katika shavu la mtu.

JINSI YA KUFANYA MAZOEZI

Yawezekana mtu atasema, "Nilichora sana zamani, hata hivyo sikuendelea." Namwamini. Kuna kufanya mazoezi na kuna kurudia kosa. Mtu aandikaye herufi vibaya mara elfu, ameizoeza mikono yake kuandika vibaya. Kwa hiyo nawashauri kama ifuatavyo.

Fanyeni muda mfupi kila siku kuliko muda mrefu siku moja kwa juma. Nusu saa jioni, baada ya kazi, yatosha. Kama hakuna, robo saa. Aliyechora robo saa kila siku ya mwaka amepata zaidi ya saa 90.

Chagueni jambo moja tu kwa wakati mmoja. Juma hili ni vipimo, basi usishughulike na kivuli. Juma lijalo ni kivuli, basi chora vitu vyenye umbo jepesi ili akili isigawanyike. Kabla ya kuanza, jiambie kwa maneno mafupi unatafuta nini leo. Ukimaliza, rudi kwenye kitu chenyewe, pima kwa penseli, tia alama mahali ulipokosea, uandike pembeni: "Shingo ni nyembamba mno," au "Mlango ni mfupi." Kisha mara moja chora tena kitu kile kile. Mchoro huu wa pili ndio wenye faida kubwa kuliko wote, lakini watu wengi hawaufanyi, kwa kuwa wamechoshwa na ule wa kwanza.

Msifute-fute. Mpira wa kufutia huondoa ushahidi. Uacheni mstari wenye kosa, uchore ulio sawa kando yake, ili jicho lione tofauti yake.

Andikeni tarehe katika kila karatasi, na karatasi zote ziwekwe mahali pamoja, nzuri na mbaya. Siku ya kwanza chora kitu kimoja cha nyumbani, tuseme birika. Baada ya siku thelathini lichore tena birika lile lile, mahali pale pale, bila kutazama mchoro wa kwanza. Ziwekeni karatasi mbili pamoja. Mtu anayeendelea pole pole haoni maendeleo yake, kama mzazi asivyoona kukua kwa mtoto aliye naye kila siku. Tarehe ndiyo itakayowaambia.

Mara moja kwa juma jaribuni kuchora kwa kumbukumbu. Tazama kitu dakika mbili, ondoka, ukakichore chumba kingine, kisha urudi uone umesahau nini. Ulichosahau ndicho ambacho jicho lako halikukitazama.

Na asitokee mtu akasema hana fedha za vifaa. Makaa ya jikoni huchora. Karatasi za kufungia sukari hufaa. Mwalimu ana ubao na chaki. Mtoto wa pwani ana mchanga uliolowa, na wa bara ana uwanja uliofagiwa. Fito nne na nyuzi za katani zatosha kutengeneza fremu kama ile niliyoisema, yenye miraba. Piga miraba hiyo hiyo juu ya karatasi yako, kiweke kichwa chako mahali pamoja wala usikitikise, na uchore kila mraba kama uuonavyo.

JE, TUIGE AU TUSIIGE?

Hapana budi nijibu swali moja zaidi, maana laulizwa na waalimu. Ikiwa twanakili kazi za wengine, je, hatutakuwa watumwa wa mawazo yao?

Swali hili lina historia katika nchi zetu za Afrika ya Mashariki. Mwaka 1937 Bibi Margaret Trowell alianza kufundisha sanaa Makerere, Uganda. Kati ya waliosoma huko ni Gregory Maloba wa Kenya, aliyefanya Sanamu ya Uhuru iliyosimamishwa Kampala mwaka 1962, na Elimo Njau, aliyezaliwa Tanganyika. Bwana Njau alichora mwaka 1959 picha tano kubwa za maisha ya Yesu ukutani mwa kanisa la Mtakatifu Yakobo katika mji wa Murang'a, ambao siku hizo uliitwa Fort Hall. Atazamaye picha hizo aona watu wa Kiafrika, na milima na mimea ya nchi ile ile. Bwana Njau alijulikana sana kwa kuwaonya wasanii wasiige kazi za watu wengine.

Nami nakubali onyo lake. Lakini natuangalie tofauti. Mtoto hunakili herufi za mwalimu wake, ila hatumwambii kuwa barua atakazoandika maishani zitakuwa za mwalimu. Van Gogh alinakili masikio na miguu ya Bargue, lakini hakuna mtu atakayeitazama picha yake ya walaji viazi akaidhania ni ya Bargue. Kunakili ni zoezi la mkono na jicho, nalo lina mahali pake asubuhi ya masomo. Ubaya ni kukaa hapo hata jioni, na kuuza nakala kana kwamba ni kazi yako. Aliyejua kutazama hahitaji kuazima mlima wa mtu mwingine, kwa kuwa anao wake mlangoni.

MANENO YA MWISHO

Ndugu zangu wazazi, nina ombi kwenu. Mtoto akija na mchoro wake, msimcheke, wala msimsifu kwa maneno matupu. Mwulizeni, "Mguu huu uliutazama, au uliukumbuka tu?" Swali hilo moja laweza kumfundisha zaidi ya zawadi. Na ninyi waalimu, msiwagawe watoto katika wenye kipawa na wasio nacho kabla hamjawafundisha wote kupima kwa penseli. Na ninyi mafundi, kabla ya kupokea fedha ya kwanza, choreni kitu mtakachotengeneza, na mwenye kitu atie sahihi chini ya mchoro.

Sikuwaahidi kwamba kila mmoja wenu atakuwa mchoraji mwenye jina. Ninachosema ni kwamba kila mmoja anaweza kuchora kabati likafahamika kuwa kabati, na uso wa mtoto wake ukafahamika kuwa ni wake. Tena atapata jambo jingine ambalo hakulitafuta. Ataanza kuona. Atapita katika njia aliyoipita miaka kumi, na kwa mara ya kwanza ataona jinsi mwembe wa jirani ulivyoinama, na jinsi kivuli cha nyumba kilivyo na rangi tofauti asubuhi na alasiri.

Wazee walisema, "Mtaka cha mvunguni sharti ainame." Kuinama kwenyewe si kukubwa: ni robo saa, kipande cha makaa na kikombe cha chai. Ukifika nyumbani leo, kabla hujakiosha kikombe hicho, kiweke mezani mbele ya taa, na ukitazame vizuri kabla ya kuchora mstari wa kwanza.